Mwalimu Akibisha Hodi

Mwezi wa kwanza tunaujua. Sikukuu zimepita, akiba imekwisha, na shule zinafunguliwa. Tunahesabu sare, viatu, madaftari, fagio na ndoo. Bei ya kila kitu tunaijua mpaka shilingi ya mwisho, na ni duka gani hapa Kharumwa linalopunguza tunalijua pia. Hebu leo tuulizane jambo moja. Mwalimu wa darasa wa mtoto wako mdogo anaitwa nani? Si lile jina la utani walilompa watoto. Jina lake hasa.

Swali hilo tuliwauliza wenzetu siku moja baada ya mazoezi ya kwaya ya akina mama. Wachache walijibu upesi. Wengine walianza kukunja na kukunjua ncha za kanga. Mmoja akasema, "Si yule mrefu, mweupe?" Mwenzake akamjibu, "Huyo alihama mwaka juzi, mama." Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Lakini kabla ya kuwacheka wengine, inatupasa tuseme na yetu.

Ilikuwa Januari 2018. Kitinda mimba wetu alikuwa na wiki mbili hivi tangu aanze darasa la kwanza. Siku hiyo tulikuwa tumetoka zamu ya usiku, tena usiku wa akina mama wanne wa kujifungua, na mmoja wao alikuwa ametutoa jasho. Tulipomaliza kazi za nyumbani tukajinyoosha kitandani, yapata saa tisa alasiri. Mara tukasikia hodi. Tukachungulia dirishani, tukamwona binti mmoja aliyevaa gauni refu la kitenge, ana daftari kubwa kwapani. Tukatambua kuwa ni yule mwalimu mgeni. Moyo ukasema, "Michango hiyo!" Tukamnong'oneza mtoto aende mlangoni akaseme mama amelala.

Mtoto akaenda, akasimama wima kama yuko mstarini, akasema kwa sauti kubwa, "Shikamoo mwalimu. Mama anasema amelala."

Mwalimu hakucheka. Alijibu taratibu, lakini kwa sauti ya kufika chumbani, "Marahaba. Mwambie mama nilipita kumsalimu tu. Sikuja na barua, wala sidai kitu. Nitapita siku nyingine akiwa hajachoka." Akataja jina lake, akaenda zake. Na sisi, ambao kila wiki tunasimama mbele ya akina mama kuwafundisha habari za ukweli na ukarimu, tukabaki pale kitandani tukitazama mabati.

Kwa nini tunamkimbia mwalimu? Jambo hili tumelifikiria sana tangu siku ile. Kwa miaka mingi mwalimu alipoonekana uani kwako, alikuwa amekuja kwa moja kati ya mawili: mchango au kesi. Ama ni fedha ya dawati, ya mlinzi, ya mtihani wa majaribio, ama mtoto wako amempiga mwenzake jiwe. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, wakati ule wa mpango wa MMEM, lakini michango ikaendelea kuota kama magugu kwenye pamba. Januari 2016 ulipoanza kutumika waraka wa elimu bila malipo, michango ya lazima ikapigwa marufuku, ikabaki ile ya hiari ambayo wazazi wenyewe wamekubaliana. Waraka ulifika, lakini hofu ilikuwa imekwisha jenga nyumba.

Halafu kuna jambo la pili, nalo ni kwamba walimu siku hizi hatuwajui wanatoka wapi. Wazee wetu wanakumbuka miaka ya UPE. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka watoto wote wawe shuleni ifikapo 1977, na walimu hawakutosha, ndipo vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa na kufundishwa ualimu huku wanafundisha. Watu waliwacheka, wakawaita "walimu wa UPE" kwa dharau, na kweli wengine hesabu ziliwapiga chenga. Lakini mwalimu wa UPE mara nyingi alikuwa mtoto wa hapo hapo. Mama yake ulikuwa unachota naye maji. Kama alimwonea mwanao, jioni hiyo hiyo ulikwenda kwao kushitaki, na baba yake akamwita. Leo mwalimu amesoma vizuri zaidi, lakini anapangiwa kituo kwa tangazo, anapanda basi na begi lake, anashuka mahali ambapo hata salamu ya wenyeji haijui. Kharumwa yetu yenyewe imebadilika. Tulikuwa tarafani huko ndani ya Geita, Mkoa wa Mwanza. Mwaka 2012 Geita ikawa mkoa na Nyang'hwale ikawa wilaya, makao makuu hapa hapa. Wageni ni wengi kuliko zamani, na macho yetu yamezoea kuwapita.

Jumapili iliyofuata tulimsubiri mwalimu yule nje ya kanisa tukamwomba radhi. Sasa ndipo alipocheka. "Mama, usijali," akasema, "hata mama yangu kule Rombo alikuwa anajificha jikoni." Tukatembea naye mpaka njia panda, akatueleza alichokuwa anafanya. Alitaka kila familia imjue kwa sura, naye ajue kila mtoto anatoka kwenye mlango gani. Kwa hiyo kila siku akitoka darasani alikuwa akitembelea nyumba mbili. Tukamuuliza ana watoto wangapi. Akasema zaidi ya mia moja.

Msishangae. Serikali inataka mwalimu mmoja awe na wanafunzi 45, lakini mwaka ule wa 2016 walioandikishwa darasa la kwanza nchi nzima walivuka milioni mbili, na vyumba na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyo. Watoto wake walikuwa wakikaa watano watano kwenye dawati la watatu, na wengine chini. Tukampigia hesabu za nyumba mbili kwa siku, tukaona atamaliza masika yamekwisha mkuta njiani.

Pia alikuwa na shida nyingine ambayo hakuisema siku ile, tukaisikia kisimani. Binti ambaye hajaolewa, anabisha hodi nyumba hadi nyumba nyakati za jioni, baba akiwa yupo. Mmekwisha elewa. Kuna nyumba mbili alizokaribishwa kwa mdomo tu, macho yakimpima kuanzia viatu hadi kilemba. Hili tuliseme wazi, maana ni letu sisi wanawake. Binti wa watu amekuja kutaka kumjua mtoto wako, wewe unamwazia mumeo! Tulikubaliana katika umoja wetu wa akina mama kwamba kila anapokwenda asindikizwe na mama mmoja wa kitongoji kile, na mwenyekiti wa kitongoji apewe habari mapema. Maneno yakafa yenyewe. Nasi tukamwambia, "Mwalimu, usitembee tu. Njoo mahali akina mama walipo." Mganga mfawidhi alipokubali, tukamwalika kliniki siku ya Alhamisi, siku ya kupima uzito wa watoto.

Wale mliowahi kukaa kwenye benchi la kliniki mnajua palivyo. Watoto wanalia kwenye mzani, wengine wananyonya, mama mmoja anasimulia shida zake, watano wanasikiliza. Mwalimu alifika saa saba na nusu, jua limekwisha pinda, akasimama mbele akasema kwa nguvu, "Mwangaluka!" Mnajua hiyo ni salamu ya asubuhi. Benchi zima likaangua kicheko, likamjibu, "Mwadila!" Akarudia, "Mwadila," wakaitikia, "Mhola!" Tangu hapo alikuwa wao. Angekuja na hotuba ya Kiswahili cha ofisini, wangemsikiliza kwa heshima na kumsahau njiani.

Maneno yake hayakuwa mengi. Alisema jina lake na kwao. Akasema anafundisha darasa la kwanza na hii ndiyo shule yake ya kwanza. "Kisukuma sijui, lakini watoto wenu wananifundisha," akasema. "Wiki ya kwanza wengi hawakuelewa nilichosema, na mimi sikuelewa walichosema. Kama walirudi nyumbani wakawaambia mwalimu anaongea peke yake, hawakusema uongo. Sikuja kuomba mchango. Nimekuja mnione, ili nikikosea mjue wa kumwambia. Nimepanga chumba nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, jioni nipo. Na mimi nina swali moja kwenu. Mtoto wako, nyumbani unamwitaje?"

Akina mama wakatazamana. Swali gani hilo? Ndipo akaeleza kwamba kwa wiki nzima alikuwa akiita jina la mtoto mmoja aliyeketi mbele yake kabisa, na mtoto kimya, anamtazama tu. Akamwandikia utoro siku tano. Mtoto yupo! Hakujua kuwa lile jina ni lake. Na kwetu hili si ajabu. Pacha ni Kulwa na Doto, anayewafuata ni Shija, aliyezaliwa kwa kutanguliza miguu ni Kashinje, na hayo ndiyo majina mtoto anayoyasikia tangu anyonye. Kwenye kadi ya kliniki kuna jina la ubatizo, nyumbani anaitwa jina la babu, na shuleni liko jina ambalo mjomba aliyempeleka kuandikishwa alilikumbuka siku hiyo. Mwalimu alifungua daftari lake, akapita kwa mama mmoja mmoja, akaandika jina la nyumbani pembeni ya jina la rejista. Ilichukua saa nzima. Kazi ya mzani ilisimama, na hatukujuta.

Alipokuwa amekaribia kumaliza, mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha akamuuliza bila kuinua kichwa, "Mwalimu, unapiga?"

Palinyamaza. Hata sisi tulitaka kuligeuza swali, maana mgeni haulizwi hivyo. Yeye mwenyewe akalipokea. Akasema amesomeshwa kwa fimbo, na chuoni aliambiwa ziko njia nyingine, lakini watoto mia wakianza kupiga kelele ile njia ya zamani ndiyo inayokuja mkononi kwanza. "Nimewahi kuchapa," akasema. "Na wiki iliyopita nilimpigisha magoti mtoto mmoja mpaka saa nne kwa sababu nilimwita mara tatu hakugeuka. Sijui kama nilifanya vizuri."

Tuliongeza maneno machache kwa sababu wazazi wengi hawajui sheria ilivyo. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema ni kwa kosa zito, visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Ile fimbo ya kila dakika tunayoiona mikononi haimo. Lakini tusijidanganye, akina mama. Wangapi kati yetu humpeleka mtoto shuleni na kumwambia mwalimu, "Huyu ni wako, mchape tu, ubakize macho"?

Watu walipoondoka, bibi mmoja alibaki kwenye benchi la nyuma. Alikuwa amemleta mjukuu mdogo kwenye mzani, naye amekwisha pimwa zamani. Tukadhani anasubiri dawa. Akatuita kwa Kisukuma akaomba tumwambie mwalimu kwamba yule mtoto aliyepiga magoti ni wake.

"Alikuja nyumbani magoti yana vumbi," akasema. "Nikamuuliza umefanya nini, akasema hajui. Si mkaidi. Hasikii vizuri."

Mwalimu alikaa chini. Sisi tukaendelea kuuliza huku tukitafsiri. Masikio ya mtoto yalikuwa yakitoa usaha tangu akiwa na miaka mitatu, unakauka kiangazi, unarudi mvua zikianza. Baba yake alikwenda machimboni upande wa Kahama akaoa huko. Mama yake yuko Katoro anafanya biashara, anatuma fedha anapopata. Bibi alimtia sikioni mafuta ya moto, kisha majani aliyoshauriwa, kisha akaacha. Tulimuuliza kwa nini hakusema siku ya kumwandikisha. Akatutazama kama watu wasioelewa. "Ningesema, wangemrudisha. Wangesema hana akili. Na mimi nilitaka asome."

Mwalimu alisema, "Nisamehe, bibi." Hatukuwa na haja ya kutafsiri. Bibi akamshika mkono, wakakaa hivyo kidogo.

Mtoto aliletwa kesho yake, tukamtazama, masikio yote mawili. Hapa mtatuvumilia tuvae sare yetu kidogo. Sikio linalotoa usaha kwa wiki mbili na zaidi ni ugonjwa sugu, na ndiyo moja ya sababu kubwa za watoto wetu kupoteza usikivu. Tiba yake ya kwanza ni kulikausha. Sokota kitambaa laini cha pamba kilicho safi, kiingize taratibu, kikilowa kitupe, weka kingine mpaka kitoke kikavu, mara tatu kwa siku. Baada ya kukausha ndipo yanawekwa matone ya dawa uliyopewa kituoni, kwa wiki mbili. Usitumie njiti ya kiberiti wala kalamu. Usitie mafuta, maziwa ya mama, wala mkojo wa ng'ombe. Mtoto asiogelee bwawani. Na ukiona uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, usingoje kesho, ni hatari, mlete hospitali siku hiyo hiyo. Bibi alifuata yote. Usaha ulikauka, lakini usikivu haukurudi wote, ndipo akaandikiwa rufaa kwenda Bugando, Mwanza. Miaka ile daraja la Kigongo na Busisi lilikuwa bado, limekuja kufunguliwa Juni 2025, hivyo safari ilikuwa ya kusubiri kivuko na roho mkononi. Nauli ilichangwa na nzengo na akina mama wa kwaya. Huko walisema sikio la kulia limeharibika sana, la kushoto linafaa.

Basi mwalimu akamweka mbele, upande wa kulia wa darasa, sikio zima likimwelekea yeye. Akawa anamgusa bega kabla ya kumsemesha. Mpaka Juni mtoto yule alikuwa anasoma silabi. Hakuwa wa kwanza darasani, hatutawadanganya, alikuwa katikati huko. Lakini kabla ya hapo alikuwa amekaa nyuma kabisa kwa sababu ya urefu wake, na mwalimu alikuwa amekwisha mhesabu miongoni mwa wakaidi.

Tangu siku ile kila mama anayekuja kliniki na ana mtoto shuleni tunamuuliza, "Mwalimu anajua?" Mtoto ana kifafa, mwalimu anajua? Akianguka darasani wenzake watakimbia wakisema povu linaambukiza, jambo ambalo si kweli, na mwalimu naye atamkandamiza na kumtia kijiko mdomoni. Angeambiwa mapema kwamba amlaze ubavu, aondoe vitu vya kumuumiza, asitie kitu mdomoni, na kama degedege limepita dakika tano atafute gari, asingebabaika. Mtoto ana seli mundu, ugonjwa ambao sisi Kanda ya Ziwa tunao kuliko sehemu nyingi za nchi, mwalimu anajua? Huyo anatakiwa anywe maji mara kwa mara, na anayekunywa maji ataomba kwenda nje mara kwa mara, na asiyejulikana atanyimwa ruhusa. Asisimamishwe kwenye mvua wala kukimbizwa mchakamchaka wa alfajiri. Mwenye pumu hivyo hivyo, na asiyeona ubaoni.

Tumeulizwa kuhusu virusi vya Ukimwi. Hapo hulazimiki kumwambia mwalimu. Sheria ya mwaka 2008 inalinda siri hiyo, na mtu yeyote asikutishe. Wako akina mama waliochagua kumwambia mwalimu mmoja wanayemwamini, kwa ajili ya saa za dawa, na imewasaidia. Wako waliosema tu, "Mtoto ana dawa za kila siku," ikatosha. Pima mwenyewe moyo wa huyo mwalimu. Ndiyo maana tunasema umjue kwanza.

Na afya si yote. Huku kwetu mwalimu anahitaji kujua mtoto anaishi na nani. Baba yuko duarani miezi minne, mama anauza chakula huko huko, watoto wako na dada wa miaka kumi na tatu. Barua ya "mzazi wa mwanafunzi" inakwenda kwa nani? Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto wanaofanya kazi kwenye machimbo madogo ya dhahabu nchini, na Geita na Kahama zilikuwa miongoni mwa wilaya walizotembelea. Sisi hatukuhitaji taarifa, tunawaona. Mtoto wa darasa la tatu anaponda mawe au anaosha mchanga mwaloni, na mkubwa mmoja anachoma zebaki pembeni yake kama anachoma mahindi. Moshi ule unaingia mapafuni, unadhuru ubongo na mishipa ya fahamu, na mtoto unamwumiza kuliko mkubwa. Mwalimu wetu, kwa kuwa alikwisha kuwa mtu wa kuulizwa habari, akina mama wenyewe walimwambia ni siku zipi wavulana hupotea na wanapelekwa wapi, na mjomba gani anawachukua. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, si kwa polisi, na yule mjomba aliitwa mbele ya nzengo. Wavulana wawili walirudi darasani. Wa tatu alihama na baba yake, hatujui aliko.

Siku hizi kuna makundi ya wazazi kwenye simu, na ni mazuri, matangazo yanafika upesi. Lakini bibi yule ana simu ya tochi, na hata angekuwa na hiyo nyingine, habari ya sikio la mjukuu wake asingeiandika mbele ya watu themanini.

Januari 2019 watoto wakaingia darasa la pili. Mwalimu wetu alibaki na la kwanza, na watoto wakapewa mwalimu mwingine, mwanamume wa makamo. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, hakuja kwa mtu. Hatumlaumu, hakuna aliyemwagiza. Tukaambizana, basi twende sisi. Tulikwenda kama sita hivi, siku ya Ijumaa baada ya masomo, tumejitanda kanga, bibi yuko mbele na kikapu cha michembe.

Mwalimu alikuwa anafuta ubao. Alipotuona mlangoni aliweka chaki mezani, akapangusa mikono kwenye suruali, uso umembadilika. "Karibuni, akina mama. Kuna kesi gani?"

"Hakuna kesi, mwalimu," tukamwambia. "Tumekuja kujitambulisha."

Alihangaika kutafuta viti, vikapatikana viwili. Wengine tukakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Tukataja majina yetu na ya watoto wetu, ya shuleni na ya nyumbani, naye akaandika. Bibi hakukaa nasi. Alizunguka darasa polepole, akaja mstari wa mbele, upande wa kulia, akaweka kiganja juu ya dawati. Akamuuliza mwalimu kwa Kisukuma kama hapo ndipo mjukuu wake atakapokaa. Mwalimu, kumbe naye ni mtu wa huku huku, akamjibu kwa Kisukuma kwamba ndipo, kisha akauliza ni sikio lipi.